Onyesha Njia

Siwema karudi shule na karatasi iliyokunjwa mara nne,
kaificha chini ya sufuria la maharage
kama mtu anayejua sufuria nitaliinua.
Alama moja kati ya nne. Na wino mwekundu
wa Mwalimu Ngailo: onyesha njia.

Swali nalikumbuka, tulilifanya wote Jumapili.
Lilikuwa la Kiingereza, Siwema akanigeuzia:
mtu kanunua madaftari matano, katoa noti ya elfu kumi,
karudishiwa elfu mbili na mia tano.
Daftari moja bei gani?
Nilimjibu huku namenya vitunguu: elfu moja mia tano.
Hata kisu hakikusimama.
Jibu ni sahihi, mwalimu kakubali,
kalilipa alama yake hiyo moja.
Tatu kabaki nazo, za njia.

Njia!
Miaka kumi na moja na genge hapa Rangi Tatu,
nyanya, bamia, nazi, chenji ya mwenye haraka,
nani aliwahi kuniuliza nimepita wapi?
Mteja akiona hela yake imetimia anaondoka.

"Mama, kaa," akasema. "Nikuonyeshe."
Akanisogezea kigoda, akanipa kalamu.
Kwanza tuandike eksi.
— Eksi ndiyo nini?
— Kitu usichokijua.
— Usichokijua unakipa jina?
— Ndiyo. Ili ukitafute.

Nikanyamaza.
Simu ya baba yake, huko Geita, haipatikani tangu Mfungo Mosi.
Sikujua hata hilo lingetosha kwenye herufi moja.

Eksi tano, jumlisha elfu mbili mia tano,
sawasawa na elfu kumi.
Ile elfu mbili mia tano akaivusha ng'ambo,
na ilipovuka ikageuka, ikawa ya kutoa.
— Kwa nini igeuke?
— Ndivyo ilivyo, mama.
— Kama binti wa Mama Kuruthumu basi,
akishavuka Selander kwenda kazini Masaki
anageuka sauti.
Siwema alicheka hadi akapaliwa.

Mistari minne kwa jibu la pumzi moja.
Lakini niliiona, mstari chini ya mstari, kama ngazi,
na mtu asiyewahi kukanyaga gengeni kwangu
angeteremka nayo mpaka kwenye elfu moja mia tano
bila kunihitaji.

Kisha akafungua kazi ya kesho, akakwama yeye.
Hasi mara hasi, chanya. Mwalimu kasema mkariri.
— Hiyo hata mimi naikataa, akasema. Mbaya mara mbaya, nzuri?
Nikaweka kalamu chini. Hapa nilikuwa nimeshapita.
— Ulikuwa mdogo. Nilidaiwa na Mangi mara mbili,
unga wa elfu tatu, na tena unga wa elfu tatu.
Mvua ikatuingilia ndani. Mangi akapita akaona godoro juani,
hakusema pole wala nini. Kaingia dukani kwake,
kafuta deni la kwanza, kafuta la pili.
Mfukoni sikuwa na hata mia,
lakini siku ile nilirudi nyumbani na elfu sita.

Siwema alinitazama kama mtu aliyerudishiwa chenji
kuliko alivyotegemea.
Akaandika pembeni, kwa penseli, herufi ndogo:
kufuta deni.
— Mwalimu ataikubali?
— Sijui. Andika na ile ya kwake.

Luku ilikuwa inalia tangu magharibi.
Yuniti zikakata tukiwa swali la sita,
tukamalizia la saba kwa tochi ya simu,
la nane tukaliacha na ugumu wake.

Asubuhi kijana mmoja kasimamisha pikipiki,
kachukua mafungu mawili ya nyanya,
"Mama, jioni nakuletea," kaondoka,
jina sijamuuliza.
Nikafungua daftari langu la madeni.
Nikaandika: Eksi, elfu moja.