Dakika Arobaini hadi Jana

Kazi yangu ni mizani.
Uwanja mdogo wa Fagali'i, ukingoni mwa Apia,
ndege ya viti kumi na tisa,
na mimi nikiwaamuru watu wazima: panda, simama wima,
vua hata viatu ukitaka, chuma hakihongeki.
Mzigo huku, mwenye mzigo kule,
kisha najumlisha.

Huniuliza: Pago Pago ni mbali kiasi gani?
Kilomita mia na thelathini, au pungufu.
Dakika arobaini, upepo ukiwa na adabu.
Chai uliyoiacha mezani haijapoa sawasawa
mlima umeshajitokeza, na bandari,
na harufu ya kiwanda cha samaki wa kopo.
Halafu naongeza, maana sina budi:
utafika jana.

Wageni hucheka.
Sisi tulishacheka tukamaliza
mwaka ule serikali ilipouhamisha mstari wa tarehe.
Tulilala Alhamisi, tukaamka Jumamosi.
Ijumaa ya katikati hakuna aliyeila wala kuioga,
na mwanangu Toleafoa, mzaliwa wa tarehe hiyohiyo,
alilia hadi usiku: nani kaniibia miaka sita?
Visiwa ni ndugu, lugha moja, makaburi ya ukoo mmoja,
ila huku kukicha Jumanne
kule ndiyo kwanza Jumatatu inafunga kiatu.

Jumanne moja, saa mbili asubuhi, akaja Salilo.
Kilo themanini na nne yeye;
mkeka laini wa ukili, umekunjwa ndani ya shuka, kilo tatu.
Mama yake alikata roho alfajiri hiyo.
Dada mkubwa, Leutu, yupo ng'ambo, zamu ya kiwandani,
na kiwandani simu hufungiwa kabatini.
"Hata angepokea," akasema, "hili halisemwi kwa waya."

Nikaandika tarakimu. Hakushuka.
Akauliza polepole, kama anayeulizia bei na mfuko mtupu:
"Nitakapotua ni Jumatatu?"
"Ni Jumatatu."
"Basi huko Mama hajafa."

Najua jua ni moja.
Najua pumzi ikikatika haisubiri kalenda ya mtu.
Miaka kumi na saba nasoma namba kama zilivyo,
sijawahi kumpunguzia mtu hata nusu kilo.
Nikasema:
"Hajafa. Mpaka kesho."

Walirudi wawili, Jumatano.
Leutu alinisimulia mwenyewe, macho yamevimba:
mdogo wake alimngoja langoni akitabasamu,
wakanunua mkate, wakakesha jikoni
wakimtaja Mama anavyofoka, Mama anavyokoroma,
Mama anavyoficha sukari na kusahau alikoificha.
Mama ana-, Mama ana-, usiku kucha.
Palipopambazuka Jumanne ya kule
Salilo akaukunjua mkeka sakafuni,
na Leutu akaelewa kabla neno halijatoka.

"Wewe ndiye uliyemwambia hajafa?"
Nikatazama viatu vyangu. "Ni mimi."
Nilidhani atanitukana, na nilikuwa tayari.
Akapekua mkoba, akatoa kopo la jodari,
akaliweka juu ya mizani yangu,
akaenda zake kumshika mdogo wake mkono.

Gramu mia na themanini.
Sikuiandika popote.