Kitabu cha Kumi na Saba

Nilikinunua kwa kilo, pale Kibuye,
pamoja na magazeti na mitihani ya Darasa la Saba:
karatasi za kufungia njugu.
Jalada la kijani, kona zimeliwa na mende,
muhuri wa jeshi umefifia kama chanjo ya utotoni begani.

Nilianza kuchana kutoka mwishoni, kama achanavyo kila mtu.
Kurasa nne ziliondoka na wateja kuelekea Kondele,
zimekunjwa pembe, zimejaa chumvi.

Ya tano niliisoma nikisubiri chenji.

Rubani: mlio, upande wa kushoto, juu ya mawingu.
Fundi: nimesikiliza. Sikuupata.
Siku mbili baadaye, rubani mwingine: mlio, kushoto.
Fundi yule yule: nimefungua, nimefunga. Sikuupata.
Mara ya tatu hakuandika kitu ila tarehe,
kwa mwandiko uliolalia mbele
kama mtu anayesukuma baiskeli kupanda Riat.

Mwandiko huo naujua.
Ulikuwa ukitia sahihi ripoti zangu za shule:
"Nimeona. R."
Hakuongeza hongera, hakuongeza aibu.
Sajini Rading', baba yangu,
ambaye nyumbani hakutaja ndege hata siku moja;
alisema "kazi", alisema "likizo", alisema
"nani amelegeza bawaba ya mlango huu?"

Nikafunika karai. Njugu zikapoa.

Kumi na Saba haikuwa ndege moja.
Kiti kilitoka kwa Tisa.
Gurudumu la pua lilitoka kwa Kumi na Mbili, "haitaruka tena".
Pampu ya mafuta ilisubiriwa miezi kumi na mmoja kutoka ng'ambo,
ikafika na hesi zinazozunguka kinyume,
ikarudishwa kwenye sanduku lake zuri,
na pampu ikaazimwa, wapi tena, kwa Tisa.
Maskini Tisa! Ilisimama bandani ikitoa
na kutoa, kama mjomba mwenye mshahara,
hata ikabaki ganda na namba,
na bado kuna mtu aliyeandika, kila Ijumaa:
Tisa, imepanguswa vumbi.

Kisha nikafika tarehe ishirini na mbili Agosti.
Usiku ule nilizaliwa, hospitali ile wenyeji waliyoiita Rasha.
Mama husema alipeleka simu ya maandishi kambini,
jibu halikuja, na hajalisahau hilo jibu.
Kitabu kinasema: saa nne usiku,
mapanga kumi na moja ya injini yamebadilishwa;
moja lina ufa mwembamba kuliko unywele,
umeonekana kwa kidole, si kwa taa.
Mkaguzi: Rading'.
Na pembeni, kwa penseli,
mahali ambapo sheria inakataza kuandika chochote:
msichana.

Jumapili nikampelekea, Kajulu.
Alikipokea kwa mikono miwili.
Akanusa mgongo wake. Akafungua bila miwani,
kidole kikashuka safu kwa safu,
kikisimama pale, kikipita hapa,
hata kikafika kwenye meno ya karatasi iliyochanwa.

"Kurasa nne ziko wapi?"
Nikamwambia. Njugu, shilingi kumi kumi.
Nilidhani atakasirika. Alicheka mpaka akakohoa,
akapangusa macho kwa kanzu ya kuchungia ng'ombe,
akasema: "Mlio niliupata, unajua.
Wiki ya tano. Niliuandika vizuri,
mistari sita, kwa wino."

"Ulikuwa nini, baba?"

Akafungua ukurasa mwingine.
"Ulikuwa nini?"
Akalamba kidole, akafungua mwingine,
ametulia, midomo ikihesabu mapanga.

Ndipo nikakumbuka sikio lililomfia katika zile injini,
na kwamba nilikuwa nimekaa
kushoto.