Droo ya Bi Bogumiła

Tumefungua droo yake baada ya mazishi:
masikio ya plasta, mamia,
kila moja na jina kwa penseli.
Hili la Zenon, mpiga ribiti wa meli pale Gdynia.
Sikio la kufa, daktari alimwambia, halisikii dawa.
Bi Bogumiła, fundi redio, akamvutia kiti:
"Nipe hilo la kufa."

Majira matatu ya baridi akiunguza vidole kwa kulehemu.
Siku ya siku, Zenon alisimama mlangoni:
"Theluji inalia chini ya buti. Tangu lini?"

Chini kabisa, sikio dogo lisilo jina.
Naujua mkunjo wake. Langu, nikiwa na miaka saba.

Naisukuma droo; inakwaruza reli zake.
Naivuta tena,
nisikie.