Aliyeleta Barua

Bibi Leocádia macho yamemzimika,
basi kila jioni, meza ikishafutwa,
Felismina hunawa mikono mara mbili
(kitabu kisinuke vitunguu)
akasoma kwa sauti, amesimama.
Kiti kipo. Hakuna aliyemwambia kaa.

Kusoma alifundishwa na kaka yake mpiga chapa
kwa herufi za risasi zilizovunjika
alizozileta nyumbani mfukoni, moja moja.

Nje mvua ya Porto inapiga ngazi za mawe,
mtoni wapagazi wanaviringisha mapipa
ya mvinyo wasioujua ladha yake.
Ndani ni riwaya: majuzuu matatu, ngozi nyekundu,
watu wanaopendana kwa kadiri ya mashamba yao.
Bwana Teodósio ana mizabibu hadi upeo wa macho,
kwa hiyo ana moyo.
Binti wa mwenye duka ana sura tu,
na sura, asema mama mkwe, hailipi deni.
Hapo Bibi hucheka.

Ukurasa wa mia mbili na kumi na mbili
mlango unafunguka: "Mtumishi akaleta barua."
Nukta. Aya mpya.
Barua inasomwa, watu wanazimia, uchumba unavunjika,
na aliyeileta hatoki, haketi,
hana hata mgongo wa kugeuza.

Felismina alimsubiri kurasa tisini.
Viatu vyake vilikuwa vikavu?
Na yule bibi arusi aliyelia ghorofani siku tatu,
maji ya kunawa uso alipandishiwa na nani?

Alhamisi akashindwa.
Alipofika kwenye karamu ya chai akavuta pumzi,
akasoma yasiyoandikwa:
"Aliyeleta barua aliitwa Custódia.
Goti la kushoto lilimuuma kwa ajili ya ngazi.
Alijua kusoma,
na ile barua aliisoma kabla yao wote."

Kimya. Saa ya ukutani ikatafuna dakika.
Bibi akaugeuzia uso wake joto la makaa.
"Mwandishi huyu," akasema, "ameanza kurefusha maneno."
Kisha, baada ya kimya kirefu kupita kiasi:
"Na goti lake, lilipona?"

Felismina akautazama ukurasa,
mistari imenyooka kama watumishi
siku ya kuhesabiwa vijiko.
"Sijui, Bibi. Bado hatujafika huko."
Akahamishia uzito mguu wa kulia,
akaendelea kusoma.