Fomu Haina Safu ya Moshi

Mimi ndiye niliyeshika daftari.
Mwezi wa pili, Shume. Majani yamekauka
mbuzi akiyakanyaga yanalia.
Moto ulianzia upande wa Kwembago.
Wengine walisema mrina asali, wengine mchoma mkaa.
Mimi chanzo sikuandika, sikuulizwa.
Niliandika majina.

Singano Shekiondo, panga lake mwenyewe.
Abedi Hoza, tawi bichi la mkaratusi.
Elinihaki Msangi, bomba la mgongoni, linavuja.
Mbwana Kaniki na mdogo wake,
aliyeniinamia: "Andika kumi na tisa, dada,"
nikaandika kumi na tisa,
na hilo nalo liko mkononi mwangu.
Watu thelathini na mmoja.
Buti: jozi saba.

Moto wa majani hunong'ona, unaweza kuukemea.
Ulipoingia kwenye misonobari ukaacha kutembea,
ukawa unaruka kilele kwa kilele,
na sisi chini tukikata njia ya moto
kwa majembe ya kulimia viazi.

Alfajiri ya tatu akaja Bi Zaina Mbelwa na ndoo ya uji.
Nyumba yake haikuwa na paa tangu juzi.
Nikamuuliza: umepikia wapi?
"Makaa si yapo, mwanangu? Boriti za kwangu
bado zina moto."
Wakanywa wamesimama, kikombe kimoja watu wanne,
hakuna aliyemtazama usoni.

Msaada ulikuja, sitasema haukuja.
Sembe, mablanketi, mtu wa kupiga picha.
Kwembago waliomba mbegu ya maharage kabla ya masika.
Mbegu ilifika Juni, ndani ya ukungu,
kwenye magunia mazuri sana.

Kisha fomu ya malipo.
Kupanda. Kupalilia. Kupogoa. Kufyeka.
Nikaigeuza nyuma, nikaona nembo tu.
Bwana wa ofisini akasema: "Weka kufyeka, ni kilekile."
Kufyeka ni elfu nane, na siku huisha saa nane mchana.
Usiku haumo.
Moshi haumo.
Nyusi za Abedi hazimo.

Singano alipoanza kukohoa kitu cheusi
zahanati ikampeleka hospitali, hospitali ikamwuliza:
wewe ni mwajiriwa wa nani?
Akarudi kwangu kuomba ukurasa wake.
Niliuchana, wakamrudishia.
Karatasi ya daftari, wakasema, si mkataba.
Mwaka mzima nilikuwa nauona ule mchano
kila nilipofungua.

Basi nikachukua rula.
Pembeni ya kufyeka nikapiga mstari,
nikaandika juu yake: KUZIMA MOTO, usiku na mchana.
Fomu ikarudishwa. Nikapiga tena.
Ikarudishwa na barua.
Barua nimeihifadhi, ina makosa mawili ya tahajia.

Leo Januari, majani yameanza kulia.
Ofisi inataka orodha ya watu wa tahadhari.
Wa kwanza kwenye foleni ni Singano,
kifua kinapiga filimbi.
Nikamwambia kaa nyumbani.
"Kwembago wameezeka juzi tu," akasema. "Andika."
Kazi gani?
"Ile yenyewe."

Nimeandika. Kwa wino, na kaboni chini,
nakala tatu: moja ya ofisi,
moja ya kijiji, moja ya mfuko wake wa shati.

Buti nimehesabu tena.
Jozi saba.
Moja imeungua kisigino.