Herufi za Risasi

Malachy Tiernan hupiga chapa
huko Carrick, ukishavuka daraja la mto Shannon,
katika duka linalonuka wino na chai iliyolala.
Mwezi huu wa kura ana wateja wa kambi mbili
na hataki wapishane mlangoni:
hawa huja asubuhi, wale saa tisa.

Wa asubuhi wanataka MTOTO.
Wanalitaka kubwa, jekundu, limpate dereva
aliye mbioni, vioo vimejaa mvua.
Wa saa tisa wanataka MWANAMKE,
na chini yake HURUMA, na chini yake HIARI.
Kila kambi imemwomba, kwa sauti ya chini,
asiliandike neno la wenzao hata kwenye risiti.

Kamusi anayo, juu ya rafu ya gundi.
Ukiifungua inakupa maana baridi,
kama samaki kwenye barafu.
Haisemi neno lilitamkwa na nani,
daktari, padri,
au dada mkubwa aliyefunga mlango kwanza.

Na mimi niandikaye haya, mikono yangu si safi.
Nikisema *imetoka*, nimetaja mimba.
Nikisema *ametoka*, nimeshamvika mtu nguo.
Silabi moja mbele ya kitenzi
inatosha kuketisha jopo la mahakimu.
Nikisema *kuavya*, nimevaa glavu.
Nikisema *kuharibu*, hukumu imekwisha kusomwa
mshtakiwa angali anatafuta kiti.

Alhamisi, mvua imewafukuza watu njiani,
aliingia Dympna Geraghty, miaka sabini kasoro,
mwavuli wake ukidondokea makaratasi
ya kambi zote mbili.
Alitaka kadi. Moja tu.
Ya msiba? Si msiba.
Ya ubatizo? Wala.
Sherehe? Akacheka kidogo, kwa puani.
Akampa tarehe: tisa Novemba, sabini na moja.

Mwaka ule, alisema, hatukuwa na neno.
Mama aliita *safari*.
Shangazi aliita *ile shida*.
Muuguzi wa Liverpool aliita *utaratibu*,
akanipa biskuti.
Padri aliliita jina nisilolirudia dukani mwako.
Na msichana wa kitanda cha pili, wa Kerry nadhani,
aliita *Jumanne*, maana ilikuwa Jumanne,
nasi tukalitumia hilo
mpaka tulipoachana bandarini.

Na wewe, Malachy akauliza, uliitaje?

Akayatazama mabango yanayokauka kwenye kamba,
MTOTO, HURUMA, MTOTO, HIARI, MTOTO,
kama mtu atafutaye koti lake
kati ya makoti ya wageni.
Siku nyingine hivi, akasema. Siku nyingine vile.
Usiandike kitu. Weka tarehe,
halafu acha nafasi.

Nafasi nayo hupangwa.
Kwenye mashine ile ya kale, ya babu yake,
pengo ni kipande cha risasi kama herufi,
kifupi kidogo tu, kisiufikie wino.
(Risasi: lugha yangu haikutenga
madini ya mpiga chapa na kinachotoka bundukini.)
Hakisomeki, lakini ukikitoa
mstari mzima unamwagika sakafuni.
Malachy akachagua vipande sita, akavibana,
akavuta mkono wa mashine.

Dympna alipitisha kidole gumba pale peupe,
mara moja, halafu tena,
akauliza bei.
Wakabishana juu ya bei; yeye akashinda, akalipa.

Saa tisa ikagonga.
Kizingitini mtu alikuwa akifuta viatu,
amekuja kuuliza kama neno lake
laweza kuongezwa ukubwa.