Saa Mbili za Usiku

Apondi kapiga simu saa mbili za usiku.
Hapa Nyalenda stima zimepotea,
nachambua omena kwa koroboi,
naye ananigeuzia simu nione jua
limekaa juu ya bahari ya Izmir
kama mgeni asiyejua kuaga.

Saa zetu ni zilezile, Mama, anasema.
Basi huo ni usiku wa wapi?

Anasifu chuo, ngazi zake, paka wake.
Maji ni chumvi, hata sabuni haitoi povu.
Namwambia ziwa letu wiki hii ni magugu tu,
kijani mpaka Dunga.

"Mbona kimya hivyo? Hushoni leo?"

Kumbe masikio yake hayajasafiri.
Nasema: giza, mwanangu.
Nasogeza koroboi kando,
mwanga usifike pale sakafuni
penye alama nne za miguu ya cherehani.